Mafuta Ndani ya Gunia: Nishati ya Kusafirisha Chakula Katika Pwani ya Malindi na Kilifi



Nimeombwa nizungumzie mwelekeo wa matumizi ya nishati katika kusafirisha chakula kwenye eneo letu. Nitaitoa hoja yangu mapema ili mpate muda wa kuipinga. Mafuta yanayochomwa kufikisha chakula Malindi na Kilifi hayategemei sana umbali. Yanategemea ukubwa wa mzigo, yanategemea kama chombo kinarudi kitupu, na yanategemea chakula kimeshushwa na kupakiwa upya mara ngapi kabla ya kufika jikoni. Kaunti ya Kilifi, yenye watu 1,453,787 kwa hesabu ya mwaka 2019, haiwezi kuendelea kupanga masoko na barabara zake kana kwamba mafuta hayo ni shauri la mwenye lori peke yake. Anayelipa ni mlaji, na anayekatwa bei ni mkulima.

Tulikotoka

Malindi ilikuwa mlango wa kutolea chakula kabla ya kuwa mlango wa kukipokea. Sultani Majid wa Zanzibar alipoufufua mji huu kuanzia mwaka 1861, mashamba ya nafaka yalienea nyuma yake, na mtama na ufuta vikawa vinapakiwa majahazini kwenda Unguja na Bara Arabu. Kaskazi ikivuma, chombo kinashuka kusini. Kusi ikishika, chombo kinapanda kuelekea Lamu na Arabuni. Baharini hapakuchomwa hata tone la mafuta. Lakini nishati iliyolima mashamba yale na kubeba vikapu hadi ufukweni ilikuwa miili ya watumwa, na jambo hilo lazima litajwe kila tunapousifu wingi wa nafaka ya Malindi. Baadaye Wagiriama waliolima kaskazini ya mto Sabaki wakawa nao wanauza nafaka kwa wenye majahazi, mpaka serikali ya kikoloni ilipowaamuru kuhama ng'ambo ile mwaka 1914, wakati wa vita vinavyokumbukwa pamoja na jina la Mekatilili wa Menza, kiongozi wao. Ardhi iliyokuwa ikilisha wengine ikaachwa, na njaa ikafuata.

Barabara ilikuja polepole kwa sababu ya mikono ya bahari inayoingia ndani ya nchi kavu. Pale Mtwapa kivuko kilivutwa kwa minyororo na nguvu za mikono, wavutaji wakiimba. Pale Kilifi magari yalipanga foleni kungoja feri ya Mnarani hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Wazee mtakumbuka samaki walivyoharibika kwenye foleni ile. Daraja liliondoa saa nyingi za kungoja, likaifungulia Malindi njia ya magari mazito kutoka Mombasa, na tangu hapo chakula cha mji huu kimezidi kuegemea dizeli na soko moja, nalo ni Kongowea mjini Mombasa.

Kongowea na njia zinazoelekea huko

Anayetaka kujua Malindi inakula nini aende Kongowea usiku. Viazi na kabichi zinashuka kutoka Nyandarua na nyanda nyingine za juu. Tungule zinatoka Taveta na Loitokitok. Vitunguu vinavuka mpaka kutoka Tanzania, na machungwa ya Muheza yanaingia kwa njia ya Horohoro na Lunga Lunga. Machungwa hayo yana funzo lake: kutoka mjini Tanga hadi Mombasa hazifiki kilomita 200, wakati machungwa ya Makueni yanasafiri zaidi ya hapo. Kwa hesabu ya mafuta, jirani yetu wa karibu mara nyingi ni wa nchi nyingine. Kila mpaka unapofungwa ghafla, kama Machi 2021 Kenya iliposimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa siku chache kwa sababu ya sumukuvu, malori hulazimika kutafuta mzigo mbali zaidi au kulala njiani. Sipingi ulinzi wa afya ya mlaji. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa mpakani nao una gharama yake ya mafuta, na hiyo haiandikwi popote.

Kutoka Kongowea hadi Malindi ni kilomita 120 hivi. Chakula kinagawanywa: kilichoingia kwa lori kubwa kinatoka kwa kanta, kwa pikapu, kwa Probox, hata juu ya matatu. Hapo ndipo hesabu inapobadilika, nami naomba tuikokotoe pamoja.

Kipimo ninachotumia ni lita za mafuta za kubeba tani moja kwa kilomita 100. Namba ni makadirio yangu kutokana na ulaji wa kawaida wa vyombo hivi vikiwa vimejaa, na dereva yeyote aliye hapa anaweza kunisahihisha. Trela lenye tani 28 likila lita 45 kwa kilomita 100, kila tani inatumia lita 1.6. Lori la tani 10 likila lita 30, ni lita 3. Kanta ya tani 4 ikila lita 15, ni lita 3.75. Tuktuk yenye kilo 300 inayokula lita tatu na nusu inafika karibu lita 12. Probox iliyobeba nusu tani kwa lita 8 inafika 16. Boda yenye kilo 100 nyuma, ikila lita mbili na nusu, inafika lita 25.

Pikipiki moja haili mafuta mengi, na kijana aliye juu yake ndiye anayeyabana kuliko dereva yeyote. Lakini tani ya chakula juu ya boda inachoma zaidi ya mara 15 ya tani hiyohiyo ndani ya trela.

Tuchukue gunia la viazi kutoka Ol Kalou hadi kijiji kilicho kilomita 15 kutoka Malindi mjini. Tuseme lori la tani 10 limekwenda kilomita 630 hadi Mombasa: lita 19 kwa tani. Kanta imevileta Malindi: lita nne na nusu. Boda imemalizia kilomita 15: karibu lita 4, na ikirudi tupu, kama inavyorudi karibu kila mara, jumla inakaribia lita 7. Kilomita hizo 15 ni asilimia 2 tu ya safari nzima, lakini zimekula karibu robo ya mafuta. Mtu ataniambia nimempendelea mwenye lori kwa kutomhesabia safari ya kurudi. Nilifanya hivyo kwa sababu lori lililoshusha Mombasa lina nafasi nzuri ya kupata mzigo wa kupanda nao bara, kwa kuwa bandari inaingiza mizigo mingi kuliko inavyotoa. Hata hivyo, tukifuta safari za kurudi kwa wote, kile kipande cha mwisho bado kinachukua asilimia 14.

Kwa miaka mingi mjadala wa dunia kuhusu chakula na mafuta umeshika umbali. Profesa Tim Lang wa Uingereza alianza kuzungumzia maili za chakula mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wazo lake liliwaamsha walaji wengi. Mwaka 2007 maduka makubwa ya Uingereza yakaanza kubandika picha ya ndege kwenye mboga zilizosafirishwa kwa anga, na mishiri (maharagwe mabichi) ya Kenya ikaingia katika lawama hiyo. Mwaka uliofuata Christopher Weber na Scott Matthews wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walionyesha kuwa nchini Marekani usafirishaji ulichangia asilimia 11 tu ya hewa chafu ya chakula, na kile kipande cha mwisho cha kufikisha dukani asilimia 4. Tusiyachukue matokeo hayo kama yalivyo. Kwao kipande cha mwisho ni lori kubwa kwenye lami. Kwetu ni boda kwenye mchanga wa Ganda, au kwenye matope ya kuelekea Marafa wakati wa mvua za masika.

Mchele nao unatikisa dhana ya umbali. Kenya huagiza mchele mwingi kutoka Pakistan. Kutoka Karachi hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 4,000, lakini meli inatumia nishati ndogo sana kwa kila tani: kwa makadirio ya kawaida ni sawa na lita 12 hadi 18 kwa safari nzima. Tani ya mchele wa Mwea, ikija Mombasa kwa lori la tani 10 kwa kilomita kama 580, inachoma lita 17. Bahari ya kilomita elfu nne na barabara ya kilomita mia sita zinakaribiana. Sisemi tule mchele wa Pakistan. Mkulima wa Mwea ana haki ya soko, na fedha za kigeni zina uzito wake. Nasema kwamba bahari, iliyotubebea chakula kwa karne nyingi, ingali njia nyepesi kuliko zote, na sisi watu wa pwani tumeipa mgongo.

Kwa nini tujali

Kuna swali la haki hapa. Lita zote nilizotaja kwa viazi zinafika kama 30 kwa tani, yaani sehemu tatu za mia za lita kwa kilo. Ni megajuli moja na kidogo. Makaa robo kilo tu, yanayochomwa kupikia viazi hivyo, yana megajuli 7. Mpishi wa kijijini anatumia nishati nyingi kuliko madereva wote waliomletea chakula. Kwa hiyo anayelia juu ya misitu ya Ganze na Magarini asianze na lori. Aanze na jiko.

Lakini dizeli ina sifa tatu ambazo makaa hayana. Yote inaagizwa kutoka nje, kwa kuwa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Bei yake inapangwa kila mwezi na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, na inapopanda inapanda siku moja kwa kila mtu. Na mpango wa safari ukivurugika, chakula kinaoza. Mtakumbuka Septemba 2023: petroli ilivuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza, ikafika 211.64 Nairobi, dizeli 200.99, miezi miwili baada ya kodi ya VAT juu ya mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Oktoba petroli ikafika 217.36. Kwa bei kama hizo, mafuta peke yake yanaweka shilingi sita hivi katika kila kilo ya viazi inayofika kijijini, kabla ya nauli, kabla ya broka, kabla ya ushuru wa soko. Kwa mtu anayenunua viazi vya shilingi 20 vilivyopangwa mafungu, shilingi sita kwa kilo si kitu kidogo.

Halafu Novemba mwaka huohuo mvua za El Niño zikaharibu daraja la Mbogolo kati ya Kilifi na Malindi, barabara ikakatika, na mizigo ikakwama njiani. Tungule haziwezi kungoja daraja. Hapa kuna jambo linalosahaulika tunapozungumzia nishati: kila kreti iliyooza imekwisha kuchoma mafuta yake. Tuseme katika kila kreti kumi tatu zinatupwa. Zile saba zilizobaki zinabeba mafuta ya kumi, kwa hiyo kila kilo inayoliwa imechoma zaidi ya asilimia 40 juu ya hesabu ya dereva. Kreti bora, kivuli sokoni na kupakua alfajiri vinaokoa dizeli sawasawa na injini mpya.

Safari za kwenda na kurudi

Mkulima wa kandokando ya Sabaki akivuna magunia machache ya tungule huyauza Malindi. Akivuna kanta nzima anapiga simu Kongowea, kwa sababu soko la Malindi haliwezi kuumeza mzigo huo kwa siku moja na hakuna mahali pa kuuhifadhi hadi kesho. Mzigo unakwenda kilomita 120 kusini. Wiki hiyohiyo mwenye mkahawa wa Malindi ananunua tungule zilizopakiwa Kongowea. Hakuna aliyekosea; kila mmoja amefanya lililo na faida kwake. Lakini kwa pamoja tumechoma lita tisa kwa tani ili kurudi tulipokuwa.

Mahindi yana kisa kama hicho. Yanayovunwa huku yakiuzwa yote wakati wa mavuno, yanakwenda kwenye vinu vikubwa vya mbali, na miezi michache baadaye yanarudi kwa pakiti za unga. Mradi wa umwagiliaji wa Galana-Kulalu, ulioanza mwaka 2014 kwa shamba la mfano la ekari 10,000, ulitangazwa kuwa utalisha taifa. Tuliobaki tukiufuatilia tunauliza maswali ya maji na ya wakandarasi, na ni sawa kuuliza. Mimi nimekuwa na swali jingine: gunia la Galana litasagwa wapi? Likisagwa Malindi, au kwenye vinu vidogo vya Langobaya na Kakoneni, ni chakula cha jirani. Likipelekwa kusagwa bara na kurudishwa, litakuwa limepandwa Kilifi na kusafiri kama la Kitale.

Barabara mpya zinaweza kulipunguza hili au kulizidisha. Ujenzi wa barabara ya Malindi hadi Bagamoyo, unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na Umoja wa Ulaya, unapanua kipande cha Mombasa, Mtwapa na Kilifi. Foleni ya Mtwapa, ambapo malori yanachoma mafuta yakiwa yamesimama, ni hasara ambayo hakuna atakayeilia ikiondoka. Lakini ipo njia nyingine isiyotajwa sana: ile inayotoka Mariakani kupitia Kaloleni hadi Mavueno. Lori la viazi linalotoka Nairobi lenye mzigo wa Kilifi na Malindi likikata kona Mariakani linaokoa kilomita 30 hivi, na linaepuka msongamano wote wa Mombasa. Kwa nini halifanyi hivyo? Kwa sababu huku mwisho wa barabara hiyo hakuna soko la jumla la kulishusha. Soko la Charo wa Mae mjini Kilifi ni zuri kwa rejareja, na nawapongeza waliolisimamia. Lakini lori la tani 10 halishushi mafungu.

Hapo ndipo ningeweka fedha za kwanza kama ningeulizwa: uwanja wa jumla upande wa Mavueno au Kilifi, na wa pili Malindi, wenye mizani, paa, taa za usiku na chumba cha baridi cha kuhifadhi mzigo wa siku mbili tatu. Chumba cha baridi kinatumia umeme, najua. Lakini kinampa mkulima wa Sabaki usiku mmoja wa kungoja mnunuzi, na usiku huo mmoja unafuta safari ya Kongowea.

Chumvi, nazi na maji tunayobeba bure

Upande wa Gongoni na Marereni kuna viwanda vya chumvi vinavyolisha sehemu kubwa ya nchi. Chumvi ile inatengenezwa kwa jua na upepo, kisha inapakiwa kwenye malori makubwa kwenda kusini. Lori linaloshusha chumvi Mombasa lazima lirudi Magarini, liwe na mzigo au liwe tupu. Na mzigo wa chakula unaotaka kwenda Magarini upo Kongowea kila alfajiri, ukipakiwa kwenye pikapu na Probox. Maturubai safi, ratiba inayojulikana na mtu mmoja wa kupanga mizigo vingeweza kuzikutanisha pande hizo mbili. Mwenye kiwanda anapata nauli ya kurudi, mchuuzi wa Gongoni analipa kidogo. Ningependa kuona chama cha ushirika kimoja tu kikijaribu jambo hili kwa msimu mmoja.

Nazi zinatufundisha jambo jingine, na wakulima wa Kilifi wanalijua bila kuambiwa. Nazi hufuliwa shambani. Makumbi ni karibu theluthi ya uzito wa nazi kavu. Anayefua kabla ya kupakia amepunguza mafuta kwa mikono yake na kubaki na makumbi ya kuwashia moto. Lakini kwa mazao mengine hatufui. Tikitimaji ni maji asilimia 92. Tungule zinazidi hapo. Embe ni asilimia 83. Muhogo mbichi, zaidi ya nusu yake ni maji. Msimu wa maembe unapofika, malori yanatoka Malindi na Magarini yakiwa yamebeba, kwa uzito, maji yenye sukari kidogo, na sehemu ya mzigo inafika bara imeshapondeka. Embe la kuliwa bichi lazima lisafiri bichi. Maembe mazuri ya aina ya Apple na ngowe yana wanunuzi wake. Lakini yale madogo, yaliyodondoka, yenye madoa, ambayo broka anayachukua kwa bei ya kutupa, yakikaushwa kwa jua huku huku uzito unashuka kuwa sehemu ndogo ya ulivyokuwa. Kanta moja inafanya kazi ya kanta kadhaa. Muhogo nao una makopa, ambayo bibi zetu waliyaanika juani kabla injini ya kwanza haijafika hapa.

Samaki, barafu na tanga

Kwa wavuvi nitasema kwa urefu kidogo, kwa kuwa katika mipango ya usafirishaji husahaulika, kana kwamba samaki hujileta wenyewe mezani.

Vyombo vingi vidogo kutoka Takaungu hadi Ngomeni bado vinakwenda kwa tanga na kafi. Mwelekeo ni kuelekea mashine, na sababu zake ni za kweli: samaki wa karibu na miamba wamepungua, na anayefuata jodari nje hawezi kutegemea upepo kumrudisha kabla samaki hajaharibika. Mashine inakuja na deni, mara nyingi la tajiri anayetoa petroli na kuchukua samaki kwa bei anayoipanga. Bei ya mafuta ikipanda, deni linapanda, bei ya samaki ufukweni haipandi. Kwa hiyo mvuvi ndiye mtu wa kwanza kulipia safari ya chakula kile, na analipa akiwa bado baharini.

Samaki wakifika nchi kavu, kinachoamua ni barafu. Kutengeneza tani moja ya barafu katika joto letu kunahitaji umeme wa kilowati-saa 70 hivi, ambao kwa nishati ni sawa na lita 7 za dizeli. Si nyingi. Tatizo ni mahali inapotengenezwa. Barafu ikitoka mjini kwenda kituo cha mbali kwa pikapu, sehemu yake inayeyuka njiani, na gari linabeba maji kwenda na samaki kurudi. Ikikosekana, samaki wazuri wanauzwa haraka kwa bei ya chini, na waliobaki wanakwenda kwa mama karanga, ambao wanawaokoa kwa kuwakaanga kwa kuni. Kazi ya mama karanga ni hifadhi ya chakula iliyo karibu zaidi na mlaji, nayo haihitaji lori wala chumba cha baridi. Ikipata majiko bora itatumia kuni kidogo zaidi. Haistahili kuhesabiwa kama kazi ya mabaki.

Wakati huohuo, kwenye masoko ya Malindi kuna omena wa Ziwa Viktoria waliosafiri kote nchini hadi ufukwe wenye dagaa wake. Omena ni wakavu na wepesi, kwa hiyo mafuta yao kwa kilo si mengi kama umbali unavyodokeza, na familia maskini inawahitaji. Lakini dagaa wetu wakianikwa vizuri juu ya vichanja, mbali na mchanga, wangefanya kazi hiyohiyo.

Boda na jua la Langobaya

Boda ziliongezeka sana baada ya serikali kuondoa VAT juu ya pikipiki ndogo mwaka 2008. Zimefika mahali ambapo hakuna kanta itakayofika. Zimepeleka unga na mgonjwa kwa safari moja. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani ninazilaumu. Ila kwa kuwa ndizo zinazotumia mafuta mengi kwa kila kilo, ndizo zenye nafasi kubwa ya kuokoa.

Pikipiki ya umeme inatumia kilowati-saa tatu au nne kwa kilomita 100, wakati petroli ya safari hiyohiyo ina nishati ya kilowati-saa zaidi ya 20. Tangu mwaka 2023 kuna bei maalumu ya umeme kwa vyombo vya usafiri, na umeme mwingi wa Kenya unatoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Sehemu yake inatoka hapa kwetu: kituo cha jua cha Langobaya, kilichoanza kuuza umeme mwishoni mwa 2021, kinaingiza kwenye gridi hadi megawati 40. Mboga na unga vinavyokwenda Langobaya vinabebwa na petroli iliyotoka ng'ambo ya bahari, vikipita mbele ya paneli hizo. Ni kweli betri ni ghali, na pikipiki yenye kilo 100 kwenye mchanga inamaliza chaji haraka kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji. Ndiyo maana vituo vya kubadilishia betri vinapaswa kuanzia masokoni, ambako boda inarudi mara kwa mara kwa siku, badala ya kuanzia kwenye vituo vya watalii.

Kabla ya betri, hata hivyo, kuna jambo la bei rahisi zaidi. Tuktuk inachoma nusu ya boda kwa kila kilo. Kanta moja inayozunguka vijiji vitano siku moja kwa wiki, kwa ratiba, inachoma chini ya moja ya sita. Wachuuzi kumi wakiagiza pamoja, hawahitaji teknolojia yoyote ila simu na mtu wanayemwamini kushika pesa. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa tayari vina watu hao.

Nimalizie kwa ombi moja kwa idara ya biashara ya kaunti. Hesabu zote nilizowaletea zimejengwa juu ya makadirio, kwa sababu hakuna daftari ninaloweza kulifungua. Kwenye lango la kila soko kuna mtu anayekusanya ushuru na kuandika risiti. Ongezeni safu nne kwenye risiti hiyo: mzigo umetoka wapi, una kilo ngapi, umekuja kwa chombo gani, na chombo kinarudi na nini. Fanyeni hivyo Mtwapa, Kilifi, Malindi, Gongoni na Mariakani kwa mwaka mmoja, msimu wa maembe ukiwemo, kisha tukutane tena, tuamue soko la jumla lijengwe wapi.